Katikati ya Chumba, Mbali na Ukuta

3 Machi

Daftari la zamani limejaa, nimeanza hili. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyenizoesha kuandika, miaka ile tumbo lilipokuwa linanikoroga kila asubuhi kabla ya kazi na moyo ukinienda mbio bila kufukuzwa na mtu. Aliniambia, "Wasiwasi ukikuganda, uandike, funga daftari, kalale. Siku ukilifungua utaona mengi uliyoyaogopa hayakuja." Ni kweli. Niliogopa tanuri litalipuka, niliogopa mtoto atameza kifungo, niliogopa nina uvimbe kwa kuwa nilipapasa nikahisi kitu kigumu ubavuni. Kitu kigumu kilikuwa ubavu. Wenzangu kwenye kiwanda cha mikate wananiita Itakuwaje, maana ndivyo ninavyoanza kila sentensi.

Leo nina jambo moja tu la kuandika. Mawingu yamekuja.

Mke wangu ni mwalimu wa darasa la tatu. Mvua za mwaka jana ukuta wa darasa lake ulianguka akiwa anafundisha, na watoto wawili wakafa. Yeye alitoka mzima, isipokuwa kucha, kwa sababu alifukua kwa mikono. Hajarudi kazini tangu siku ile. Kiangazi alikuwa afadhali. Alikwenda sokoni, alipika, na alipoweweseka usiku akaamka, alisema si kitu. Nikadhani yamekwisha. Leo alipoyaona mawingu alianua nguo zote kambani, zilizokauka na zilizokuwa bado zinadondosha maji, akaingia ndani akafunga mlango.

6 Machi

Haijanyesha. Mikate imetoka vizuri.

8 Machi

Imenyesha.

Ilianza alasiri, matone makubwa makubwa juu ya bati. Nilikuwa nimejinyoosha baada ya zamu. Mke wangu alikuwa anakunja nguo, na binti yetu, ambaye tunamwita Chiriku kwa jinsi asivyofunga mdomo, alikuwa anasimulia habari za rafiki yake aliyeng'oka jino. Mvua ilipoanza, mke wangu aliliweka chini shati alilolishika, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akasimama. Akaenda katikati ya chumba. Akamwita Chiriku, akamshika bega, akamsimamisha mbele yake.

"Mama, unanibana."

Hakulegeza mkono. Nilimwambia, "Mke wangu, mvua tu hiyo." Alinitazama, lakini hakuniona. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Macho yalikuwa wazi, na mimi sikuwemo ndani yake. Mikono ilikuwa inachezacheza, vidole vinakunjika na kukunjuka.

Nikafanya ninachojifanyia mwenyewe. "Vuta pumzi. Hesabu. Itapita." Mvua ilipokatika akakaa chini, jasho limemlowesha mgongo, akauliza kwa nini nguo ziko sakafuni.

9 Machi

Nimerudi kutoka kazini nikakuta kitanda cha Chiriku kimevutwa katikati ya chumba chake. Ukitaka kupita lazima upande juu.

14 Machi

Kipara, mwenzangu wa tanuri, ameniona sina raha. Nikamweleza. Yeye hana jambo lisilo na mzaha.

"Huo ni ugonjwa wako, Itakuwaje. Umemwambukiza mwalimu wa watu."

"Acha utani."

"Sitanii. Mume anatetemeka, mke anatetemeka. Nyumba yenu siku moja itahama yenyewe." Akaingiza trei, akafunga mlango wa tanuri, akasema kwa upole, "Si wewe ulipona? Mpe dawa yako."

Nimelifikiria hilo njia nzima ya kurudi nyumbani. Kipara amesema kweli. Nani anaijua hofu kuliko mimi? Mimi ni fundi wa hofu. Kama kuna mtu duniani anayeweza kumtoa huko, ni mimi.

17 Machi

Nimeanza na swali. Muuguzi alinipa swali hili zamani na ndilo lililonivusha: mara ngapi umeliogopa jambo, na halikutokea? Kila nikijiuliza, jibu ni karibu mara zote, na tumbo linatulia.

Mke wangu alikuwa anamsuka Chiriku. Nikakaa kwenye kigoda karibu yao, nikajifanya nazungumza tu. Nikasema, "Hivi ukifikiria, mke wangu, mara ngapi mtu anaogopa kitu, halafu hakitokei?"

Akasimamisha mkono. Akasema, "Kilitokea."

Akaendelea kusuka.

Nilikaa pale kwenye kigoda kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe.

19 Machi

Mvua tangu alfajiri. Chiriku hakwenda shule. Mama yake alikaa naye kitandani, katikati ya chumba, wamejifunika blanketi moja. Sufuria lilianguka jikoni, mke wangu akarusha mikono juu ya kichwa cha mtoto kama anayezuia dari.

20 Machi

Vivyo hivyo.

23 Machi

Leo hakuna mvua. Dada yake mkubwa, anayekaa kule nchi kame ambako mvua hupita mbali, amepiga simu kusema amepata mjukuu. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Mke wangu alisema "hongera" kwa sauti ya kusoma tangazo, akanipa simu, akarudi kukaa. Huyu ni yule yule ambaye mtoto wa jirani akizaliwa alikuwa anapiga vigelegele mpaka mbwa wanajibu.

Nikamuuliza, "Hujafurahi?"

"Najua kwamba ninapaswa kufurahi," akasema. "Naitafuta furaha mahali ilipokuwa, siioni."

Nimeandika mengi ya aibu katika madaftari yangu. Hili linazidi: nimechoka naye. Mimi nikiogopa, huwa natafuta watu, nawashika mkono, nawasumbua kwa maswali. Yeye anakaa mbali, kama yuko ng'ambo ya kioo. Nilijiambia leo kwamba hataki kupona.

28 Machi

Nimefanya jambo, na sijui nitalifuta vipi.

Zamani nilikuwa siwezi kuvuka daraja la waenda kwa miguu lililo juu ya barabara kuu. Muuguzi alinipeleka mwenyewe. Siku ya kwanza tulisimama chini, ya pili tukapanda ngazi, ya tatu tukafika katikati, na mwishowe nikavuka. Sasa navuka kila siku na hata sikumbuki. Kwa hiyo nilijiambia: shule yake ndiyo daraja lake. Akiliona darasa, akiugusa ukuta mpya, moyo utakubali.

Nilizungumza na mwalimu mkuu. Ni mtu mwema. Akasema njooni Jumamosi, hakuna wanafunzi. Mke wangu nilimwambia tunakwenda kusaini karatasi za likizo yake. Nilimdanganya.

Tulipofika mbingu ilikuwa safi upande mmoja. Darasa limejengwa upya, matofali ya saruji, rangi ya maziwa juu na kijani chini. Mwalimu mkuu akasema, "Karibu, mwalimu, tumekukosa." Mke wangu akasimama kizingitini. Nikamshika kiwiko, nikasukuma kidogo. Kidogo tu. Akaingia. Akatazama ubao, akatazama madawati. Alikuwa mtulivu, na mimi nikaanza kushangilia moyoni. Nikamwashiria mwalimu mkuu: umeona?

Halafu mvua ikagonga bati.

Alianza na madawati. Alivuta la kwanza kutoka ukutani hadi katikati, likakwaruza sakafu. Akavuta la pili. Nilidhani anapanga. Mwalimu mkuu naye akamsaidia kushika upande mmoja, maskini, akidhani hivyo hivyo. Kisha akaanza kuita majina. Majina ya watoto, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mwalimu inayotaka darasa litii. "Tokeni ukutani! Nani aliwaambia mkae hapo? Nani aliwaambia?" Akafika ukutani, akapiga magoti, akaanza kuchimba.

Saruji haichimbiki. Aliichimba. Nilimkumbatia kutoka nyuma na kumvuta, na nguvu alizokuwa nazo sijawahi kuziona kwa mtu wa umbo lake. Kwenye ile rangi ya kijani zilibaki alama nyekundu za vidole.

Mwalimu mkuu alitubeba kwa gari lake.

29 Machi

Vidole vyake vimefungwa bandeji. Chiriku amemlisha kwa kijiko, akimwambia, "Fungua mdomo, mtoto mzuri."

1 Aprili

Nimekwenda zahanati peke yangu. Muuguzi huyu kila mtu anamwita daktari, naye amechoka kukataa. Nilimweleza yote, na la shule nililiacha mwisho. Alinisikiliza bila kuandika.

"Wewe ulikuwa na nini?" akaniuliza.

"Wasiwasi. Wewe ndiye uliyeniambia."

"Wasiwasi uliopita kiasi, mpaka ukawa ugonjwa. Sasa nieleze, ulikuwa unaogopa nini?"

"Kila kitu."

"Kila kitu, na vyote havijafika. Kesho, keshokutwa, itakuwaje. Akili yako inatangulia mbele, inasimama njia panda na kupiga kelele. Na mimi nikikwambia geuka utazame, hakuna kitu, ukigeuka kweli hakuna kitu. Mkeo akigeuka anakuta nini?"

Nikaanza kukunja kadi yangu ya zahanati.

"Anaukuta ukuta," akasema. "Hicho ni kiwewe. Jambo limetokea, akaliona kwa macho, na akili haikuliweka pamoja na mambo yaliyopita. Bado liko mezani. Mvua ikinyesha yeye hakumbuki siku ile kama wewe unavyokumbuka arusi yako. Yumo ndani yake."

Nikamwambia, "Lakini yeye halali, mimi nilikuwa silali. Moyo wake unakwenda mbio, wangu ulikwenda mbio. Kuna methali: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

"Methali nzuri. Wewe uliumwa na nyoka lini?"

"Sijaumwa."

"Basi. Wewe uliogopa ung'ongo wote wa dunia, majani makavu tu, bila kuumwa. Yeye ameumwa, na sumu imo mwilini. Wote mnashtuka, ukitazama kwa mbali ni kitu kimoja. Hata homa ni hivyo, ya malaria ni joto na ya kidonda kilichooza ni joto. Ukitibu moja kwa dawa ya nyingine utazika mtu." Akaniona nilivyobadilika uso, akajirudi. "Kuna watu wana vyote viwili, sikatai. Lakini mkeo anakwepa shule na kila kinachofanana na shule. Anashtuka sufuria likianguka. Furaha imemkauka, anajiona yuko mbali na watu. Ndoto ni ile ile. Na umepita mwaka. Hayo hayakuwa yako. Wewe hukuwa mbali na watu, wewe ulikuwa hutubanduki."

Nilicheka kidogo. Kisha nikauliza lile lililonipeleka. "Kumrudisha pale nimemharibu?"

Alisugua macho. "Ulimpeleka kwa upendo. Kurudi huko kunafanyika, ndiyo, lakini na mtu aliyesomea, kidogo kidogo, na mgonjwa mwenyewe akikubali na akijua anakokwenda. Hasukumwi. Na hadanganywi."

"Nani amesomea?"

"Hapa kwetu hakuna. Mimi nilisoma majuma machache tu, ni sawa na kumpa mtu jembe akajenge ghorofa. Kuna mmoja hospitali kuu. Nitaandika barua."

Akanipa la kufanya kwa sasa. Ikinyesha nisibishane naye, nisimwambie hakuna kitu. Nimwambie leo ni siku gani, yuko wapi, mimi ni nani. Nimwulize anaona nini mbele yake, anagusa nini. Aifuate sauti yangu arudi, kama mtu anayefuata kamba.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, nikavuka lile daraja. Mwezi mzima nimekaa na mwanamke nikamtibu mtu mwingine. Nilikuwa najitibu mimi.

2 Aprili

Nimemwomba radhi kwa uongo wa shule. Akasema, "Haidhuru." Sijui kama alikuwa amesikia.

5 Aprili

Mvua. "Leo ni Jumapili, uko nyumbani, mimi ni mume wako. Unaona nini?" Hakujibu mpaka ilipokatika.

7 Aprili

Mvua. Nilimwuliza anagusa nini. Akasema, "Meza." Neno moja. Nimelibeba mpaka kazini kama mtu aliyeokota lulu. Kipara ameniuliza nimepandishwa cheo au vipi.

11 Aprili

Leo amecheka! Chiriku aliniigiza ninavyonusa mkate kabla ya kuukata, akacheka kweli, mkono mdomoni. Ilidumu kidogo tu. Halafu nikaona anashtuka, kana kwamba amejikuta anacheka msibani.

16 Aprili

Mchana wa jua. Tulikuwa nje tunaanika magodoro, yeye upande huu na mimi ule, tukipiga vumbi kwa fimbo. Akaanza kusema bila kunitazama.

"Palikuwa panavuja."

Muuguzi alisema nisimchimbe, akisema mwenyewe nisikilize.

"Upande wa dirisha bati lilikuwa limetoboka. Watoto wa upande ule walikuwa wanalowa, madaftari yanalowa. Nikawaambia hameni, sogeeni ukutani, huku ni pakavu. Wale wawili hawakutaka, walipenda dirishani. Nikawakaripia." Akapiga godoro. "Nikawashika mkono, huyu na huyu, nikawakalisha mwenyewe."

"Hukujua."

"Nilijua panavuja. Ukuta ulikuwa na ufa, wote tulijua, mwalimu mkuu alikuwa ameshaandika kuomba fundi. Mimi nilikuwa nawaza madaftari."

"Mke wangu, mtu yeyote angefanya vile."

"Ndiyo," akasema. "Lakini mimi ndiye niliyefanya."

Nina maneno mengi ya kumtuliza mtu anayeogopa. Nikiwa nimesimama pale na fimbo mkononi niligundua sina hata moja la mtu ambaye jambo lake ni la kweli. Nikazunguka godoro nikasimama karibu naye. Hakunisogelea, hakunikwepa. Tukaendelea kupiga vumbi, sasa upande mmoja.

21 Aprili

Hospitali kuu imejibu. Jumatatu ijayo. Nimepiga pasi shati langu la arusi za watu.

27 Aprili

Tulitoka alfajiri na basi. Alikubali mwenyewe kwenda, alijifunga kichwani kitambaa chake cha zambarau ambacho hakuwa amekigusa tangu mwaka jana. Njiani alikaa dirishani, akanishika mkono. Niseme ukweli, nilianza kuona mbali. Nilimwona tayari amerudi darasani, ana chaki mkononi.

Tulikaa kwenye benchi hadi mchana. Karani alikuja akasema, "Yule mtaalamu mnayemtafuta ameacha kazi. Amepata nafasi nje."

"Lini?"

"Mwezi uliopita."

"Na barua mliyotuandikia?"

"Barua zinajibiwa na ofisi nyingine."

Tulionana na daktari wa kawaida, kijana, amechoka, watu wamejaa mlangoni. Alimwuliza mke wangu kama anapata usingizi. Akasema hapati. Akamwandikia vidonge vya usingizi, akasema mtaalamu mwingine akiajiriwa watatupigia.

Ndani ya basi la kurudi alikivua kile kitambaa, akakikunja mara nne, akakiweka kwenye mkoba. Akasema, "Usihangaike tena, mume wangu."

30 Aprili

Maji yamezidi unga.

Mvua kama ya leo haijapata kunyesha. Mimi nilikuwa kazini, Chiriku shuleni. Siku hizi anasoma ile shule ya ng'ambo ya mfereji. Mke wangu alikuwa peke yake nyumbani. Kwa nini nilimwacha peke yake? Kwa sababu mikate haijioki. Nimeandika jibu hilo na ninalitazama.

Mwalimu wa zamu amenisimulia. Mke wangu aliingia darasani kwa Chiriku amelowa chapachapa, peku. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Simameni wote, tunatoka nje." Watoto wakatii, maana sauti ile ni ya mwalimu. Akaingia darasa la pili, la tatu. Walipokuja kumzuia, nusu ya shule ilikuwa uwanjani kwenye mvua, naye anawahesabu, anafika mwisho, anaona hawatimii, anaanza upya. Katika kusukumana mtoto mmoja alitumbukia mferejini. Wamemtoa mzima, amevunjika mkono.

Nilipofika, wazazi walikuwa wamemzunguka. Neno "kichaa" lilikuwa linatembea kama sahani ya mchango, kila mtu anatia lake. Baba wa yule mtoto alitaka kumpiga, nikaingia katikati, ngumi ikanipata mimi. Simlaumu. Nilipiga magoti kwenye matope nikamwambia mke wangu, "Leo ni Alhamisi. Mimi ni mume wako. Unaona nini?"

Akasema, "Wamepungua wawili."

Chiriku alikuwa amesimama kando na wenzake. Hakuja kwetu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

4 Mei

Dada Mkubwa amefika. Ni mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Alimwogesha mdogo wake kama mtoto, akamlaza, akaja kukaa nami jikoni.

"Shemeji, huku kwenu kunanyesha miezi mitatu. Kule kwetu hata mawingu hayatukumbuki. Nimchukue."

"Ugonjwa wake si mvua, dada. Muuguzi amesema..."

"Nimekusikia. Umenieleza kwenye simu, ukaeleza tena hapa, na umeeleza vizuri. Dawa yake ipo?"

"Ipo. Duniani ipo. Watu wanapona."

"Hapa ipo?"

"Hapa haipo."

"Basi nimchukue mahali ambapo angalau atalala."

9 Mei

Nimemweleza Chiriku kwamba mama anakwenda kwa mama mkubwa kupumzika, na kwamba akitaka anaweza kwenda naye. Alifikiri kwa muda mrefu, yeye asiyefikiri kabla ya kusema.

"Baba, mama akiondoka, kitanda changu tutakirudisha ukutani?"

Nikamwambia, ukitaka tutakirudisha.

"Basi nabaki." Kisha akalia, kilio kile cha kujificha, uso ukutani.

11 Mei

Wameondoka. Alimbusu mtoto kichwani, akanikabidhi funguo zake za nyumba. Nikasema, "Kaa nazo, utarudi." Akazitazama, akaziweka juu ya meza.

12 Mei

Kitanda kimerudi ukutani.

15 Mei

Nimelala usingizi mzito, sikusikia mvua. Nimeamka na aibu.

20 Mei

Jambo la ajabu. Leo tumbo limenikoroga kama zamani: itakuwaje kiwanda kikifungwa, itakuwaje Chiriku akiugua? Nikaandika, nikafunga daftari, nikatulia. Dawa yangu bado inanifaa mimi. Muuguzi nilipomwambia alitikisa kichwa akasema, "Wewe una bahati, ndugu yangu. Ulipewa ugonjwa unaosikia dawa." Nimemwuliza kama hospitali imepata mtu. Akasema bado. Haniangalii tena usoni nikiuliza.

26 Mei

Manyunyu. Kipara ameniletea mboga za bustani yake. Hakutania, na hilo limenihuzunisha kuliko mambo mengi.

3 Juni

Mvua zimekwisha. Barabara imekauka, watu wameanza kulalamikia vumbi.

Nilipiga simu mchana, niko nje ya kiwanda. Dada Mkubwa ndiye aliyepokea. Nikamwuliza hali.

"Anakula. Analala kwa vidonge. Shughuli za nyumba anafanya, ukimwambia."

"Na kule kunanyesha?"

"Shemeji, tangu aje hata tone. Ngoja nikupe."

Nikasikia hatua, kisha pumzi yake. Naijua pumzi yake.

"Mvua imekatika huko?" akauliza.

"Imekatika kabisa. Jua linawaka."

"Afadhali. Chiriku analala?"

"Analala vizuri."

"Afadhali," akasema tena. Halafu, kwa sauti ya chini, kama anayeona haya mbele ya wenyeji wake, "Huku bado."

Zamani ningesema huko hakuna mvua, mke wangu, dada yako amenihakikishia. Sikusema. Nikamwuliza kama nilivyofundishwa, "Unaona nini mbele yako?"

"Ua. Vumbi. Mbuzi wamelala kivulini."

"Na mvua?"

"Siioni. Naisikia."

Nikaibana simu sikioni, nikaziba sikio la pili kwa kiganja. Upande wake palikuwa kimya, kimya cha mchana wa jua kali, hata kuku hawakulia. Nilisikiliza pamoja naye mpaka chaji ikaisha.